Siku Niliyokwenda Kumfungua Salima

Harufu ilinikuta ghorofa ya pili, nikiwa na mfuko wa samaki mkono mmoja na funguo za nyumba mkono wa pili. Ilikuwa harufu ya uji. Si ule uji wa wimbi tunaokunywa asubuhi sisi wa huku ziwani, bali ule mwepesi wenye pilipili manga, unaokwaruza koo kidogo kabla utamu wa sukari haujafika. Majirani wangu wapya wa ghorofa hiyo walikuwa wameacha mlango wazi kwa sababu ya joto la jiko. Nilisimama kwenye ngazi kama mtu aliyesahau anakoishi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani. Nikaitazama simu yangu. Hakukuwa na ujumbe.

Ujumbe niliokuwa nautafuta ni mfupi. Huja kila mwaka siku kama hiyo, na mtu mwingine akiusoma atadhani mtumaji anahitaji wakili. Unasema hivi: "Nimefungwa. Leta samaki." Anayeutuma ni mama mzima mwenye watoto wanne, mwalimu anayeogopwa na darasa zima, na mtaani Kaloleni hakuna anayejua kwamba ana utani wa namna hiyo. Mwaka huu alikuwa kimya, na nilijua kwa nini, na ukimya huo ulinitia hofu kuliko nilivyotaka kukubali.

Nilipelekwa Kaloleni, mtaa wa Kisumu, nikiwa na miaka minane. Mama alikuwa amejifungua pacha kule kwetu Luanda Kotieno, mikono yake imejaa, na mdogo wake, Anti Perez, fundi cherehani ambaye hakuwa na mtoto nyumbani, akaomba apewe mmoja wa kumtuma dukani. Mmoja huyo nikawa mimi. Niliingia Kisumu na mfuko wa nguo na furushi la omena, dagaa wa ziwani, na nguo zikanuka omena wiki nzima. Nyumba za Kaloleni zilinishangaza. Zilikuwa nyumba za zamani za baraza la mji, zimeshikana ukuta kwa ukuta, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Kwetu jirani alikuwa mtu unayemwona kwa mbali akianika nyavu.

Anti Perez alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa Sabato. Ijumaa jua likianza kuinama, cherehani inafunikwa kitambaa, chakula cha kesho kinakuwa kimeshapikwa, na hakuna wa kugusa jiko mpaka Jumamosi jua lizame. Hiyo haikunisumbua, kwa sababu hata kwetu tulikuwa Wasabato. Ya pili ndiyo iliyoniumiza.

"Awuor, hapa ni taoni," aliniambia siku ya kwanza. "Hiyo Kijaluo yako utaacha kwa mlango pamoja na viatu. Shuleni watakucheka. Kuanzia leo ni Kiswahili tu, hata ukiumwa na tumbo."

Basi nikawa bubu. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Nikisikia neno, nilikuwa nalipeleka kwanza kwenye Kijaluo kichwani, nalipindua, naangalia lina nini ndani, ndipo najibu. Nikimaliza kazi hiyo, wenzangu wameshaondoka.

Salima peke yake ndiye aliyesubiri. Alikaa upande wa pili wa ukuta wetu na mama yake, Mama Salima, ambaye alikaanga mandazi ya kuuza kila asubuhi. Alinizidi mwaka mmoja, na alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye pengo mahali pa meno mawili ya mbele. Kijaluo alikielewa lakini hakukisema, kama watoto wengi wa mtaa ule, na mimi niliogopa kumsemesha kwa Kijaluo, Anti asije akasikia. Kwa hiyo akajipa kazi ya kunirekebisha.

"Si 'kitabu yangu'. Ni 'kitabu changu'."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu."

Hakuwa na maelezo mengine, wala sikuyahitaji. Nilikuwa na mtu wa kutembea naye kwenda shule, na mtu huyo hakucheka. Nikimpoteza Salima, nabaki na cherehani.

Jumamosi moja nilimwomba anisindikize kanisani na akakubali mara moja, bila kumwuliza mtu. Aliimba kuliko sisi wote, maneno asiyoyajua aliyabuni. Mwalimu wa watoto alitusimulia habari za Danieli, jinsi alivyotupwa kwenye tundu la simba kwa kosa la kusali alipokatazwa, kisha akamgawia kila mtoto kadi ndogo yenye picha ya simba wamelala. Salima aliipenda kadi yake, akaificha ndani ya soksi. Nilikumbuka soksi hiyo baadaye, nikajuta.

Jumatatu iliyofuata aliniambia, "Leo Bibi anarudi kutoka Awasi."

Kwetu bibi ni mke wa mtu. Nikauliza, "Bibi ya nani?"

"Bibi yangu."

Msichana wa miaka tisa mwenye bibi! Nilikuwa nimeshaonywa kwamba mjini kuna mambo mengi, nikaona hili ni mojawapo. Jioni akaja mwanamke mzee mwenye mabega mapana, amevaa buibui jeusi, na kiunoni amening'iniza funguo zisizopungua kumi. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema kitu kwa Kiswahili cha haraka, nikakimbia kabla sijakipindua.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilimpa Salima pera. Tulikuwa na desturi ya kugawana, yeye anauma kwanza kwa meno ya pembeni. Akatikisa kichwa.

"Siwezi. Nimefunga."

Neno kufunga nililijua. Unafunga mlango, unafunga mzigo, unafunga mbuzi. Nikalipeleka kwenye Kijaluo kama kawaida yangu, likaniletea tweyo. Na kule ufukweni kwetu, tweyo ya mtu ina maana moja tu. Baba Mdogo Ouko aliposhikwa na nyavu zenye matundu madogo yaliyokatazwa, wanawake walipokezana habari kutoka boti hadi boti kwa neno moja: "Otweye!" Wamemfunga. Alikaa ndani miezi miwili, akarudi amekonda, na akatusimulia sisi watoto jinsi alivyochora mstari wa mkaa ukutani kila siku ili asipoteze hesabu.

"Umefungwa?" nikanong'ona.

"Eeh, nimefunga."

"Na nani?"

"Na Mama. Na Bibi."

"Mpaka lini?"

"Mwezi mzima." Alisema kwa fahari, kidevu juu. Nikaona ni ujasiri wa ajabu.

"Na hapana kufunguliwa?"

"Tunafungua," akasema. "Magharibi."

Wale wenzangu mliosoma enzi za mikoa mtanielewa. Darasani kwetu kulikuwa na ramani ya Kenya ukutani, na Mkoa wa Magharibi ulikuwa wa kijani, na katikati yake pameandikwa Kakamega. Sikuwahi kufika Kakamega. Nilijua tu kwamba ni mbali, na kwamba mtu akipelekwa kufunguliwa huko hatarudi kutembea nami kwenda shule. Nikalirudisha pera mfukoni.

Siku hiyo na zilizofuata niliangalia kila kitu, na kila kitu kilinithibitishia. Asubuhi harufu ya mandazi ilikosekana, jiko la Mama Salima limezimwa. Mchana watoto walipoenda nyumbani kula, Salima alikaa kivulini. Bombani hakunywa maji, alitema tu mate pembeni kila mara. Aliacha kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, yeye aliyekuwa hapigwi na mtu. Na yule mama wa funguo alikuwa akimsubiri mlangoni kila jioni, anamwingiza ndani, na mlango unafungwa. Sikuhitaji kuambiwa. Huyu ndiye askari.

Kilichobaki ni kosa, na kosa nililipata nikiwa kitandani. Danieli alifungwa kwa kusali alipokatazwa. Salima alisali wapi? Nani alimpeleka? Nani alimwachia aweke kadi kwenye soksi, mahali ambapo askari lazima angeipata akimvua viatu? Ni mimi niliyemponza. Nililia huku nimeuma shuka, maana hata kulia kulikuwa kwa Kijaluo na ukuta ulikuwa mwembamba.

Ijumaa, Anti Perez alikaanga ngege kabla jua halijainama, kama kila Ijumaa. Aliponipa sahani yangu nikamwambia nitakula nje. Nilikunja samaki na ugali kwenye gazeti, nikazunguka nyuma, nikapanda juu ya debe lililopinduliwa chini ya dirisha la Salima. Nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa huu: ale, apate nguvu, kisha atoke dirishani, nimpeleke stendi, apande gari la kwenda kwetu Luanda Kotieno. Mama alikuwa tayari ana watoto wengi, mmoja zaidi asingemwona.

Salima alikuwa amelala kwenye mkeka. Ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na mistari mitatu ya mkaa. Nikaihesabu mara mbili. Baba Mdogo Ouko alikuwa amesema kweli.

"Salima! Salima! Kula haraka, mbele askari arudi!"

Akaamka nusu. Macho hayajafunguka vizuri, mkono wake ukapokea gazeti, pua yake ikapokea harufu, na mdomo ukafuata wenyewe. Akauma. Akatafuna huku ametabasamu. Akauma tena. Halafu macho yakafunguka kabisa, akamtazama samaki, akanitazama mimi, akatema kila kitu kwenye kiganja chake, na ukelele alioutoa ninausikia mpaka leo.

"Nimekula! Bibi, nimekula!"

Nilisikia funguo kabla sijamwona mwenyewe. Nilitaka kukimbia lakini debe liliteleza chini ya miguu yangu, nikabaki nikining'inia dirishani kwa makwapa, kichwa ndani, miguu nje. Yule mama akanishika mabega akanivuta ndani kama mtu anayetoa samaki mkubwa kwenye wavu, akanisimamisha mbele yake.

"Nini hii?"

Nikakusanya Kiswahili changu chote, chembe kwa chembe. "Bibi ya Salima, pole. Makosa ni yangu. Mimi ndio nilipeleka yeye kanisa. Funga mimi. Yeye umwache aende nyumbani."

Akageuka kumtazama Salima, akanigeukia tena. "Mbona yuko nyumbani?"

Nikaanza kulia. Alinitazama kwa muda mrefu, nywele, nguo, miguu, halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Nyathina, wuo gi Dholuo."

Mwanangu, sema kwa Kijaluo. Alikisema kama nyanya yangu mzaa mama, hata ile namna ya kuvuta neno la mwisho. Baadaye nilikuja kujua kwamba alizaliwa Awasi, Mjaluo kama mimi, akaolewa Kaloleni na Mwislamu kabla mama yangu hajazaliwa, na kwamba huko Awasi alikuwa ameenda kuwatembelea ndugu zake. Wakati ule sikujua lolote, nilijua tu kwamba lugha yangu imerudi. Nikamwaga yote. Pera, mate, funguo, Danieli, soksi, Baba Mdogo Ouko na mkaa, Kakamega. Nilisema mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Otweye?" aliniuliza taratibu. "Unasema sisi tumemfunga? Jela?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Alicheka mpaka akakaa chini. Alishika ubavu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwita Mama Salima aje asikie, akaeleza, wakaanza upya wote wawili. Kisha akanieleza kwa Kijaluo, polepole, kwamba katika dini yao kuna mwezi wa kukaa bila kula wala kunywa tangu alfajiri mpaka jua lizame, kwamba huko ndiko kufunga, na kwamba Magharibi ni sala ya jua linapozama, si mahali pa kupanda gari. Aibu ilinishuka mwilini kama maji ya moto, lakini nyuma ya aibu kulikuwa na furaha kubwa sana. Salima haendi popote.

Isipokuwa Salima hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kiganja bado kimefumba kile kipande alichokitema, machozi yanamdondoka kimyakimya. Huu ulikuwa mwezi wake wa kwanza wa kufunga. Binamu zake walikuwa wamembishia kwamba hatamaliza hata wiki. Siku tatu alikuwa amezivuka, mistari mitatu ilikuwa ukutani, na ya nne ilibaki saa moja tu.

Bibi akaacha kucheka. "Ulikuwa umelala?"

"Ndiyo."

"Ulikumbuka kama umefunga?"

"Nilikumbuka samaki akiwa mdomoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikatema."

"Basi funga yako iko palepale. Mtu akila kwa kusahau, Mungu ndiye amemlisha." Akanielekezea kidole. "Leo amemtuma Mjaluo."

"Lakini nilimeza kidogo."

"Amekulisha kidogo. Kaoshe mdomo."

Salima alikwenda, akasukutua, akarudi, akalala akinipa mgongo. Nikamgusa bega. "Usiniongeleshe," akasema, akiutazama ukuta. Kati ya yote yaliyonipata siku ile, kuning'inia na kuchekwa na kulia mbele ya watu, hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimekuja kumwokoa, na sasa kulikuwa na mgongo.

Hapo akaingia Anti Perez, mwiko mkononi. Alikuwa amenitafuta uani kote.

"Wuololo! Awuor! Unafanya nini kwa nyumba ya watu?"

"Karibu, Perez," Bibi akamwambia. "Tulikuwa tumemfunga mtoto wako."

Anti alipoelezwa alitaka ardhi immeze. "Mama, mtusamehe. Huyu ni wa juzi tu kutoka nyumbani, hajui kitu."

"Anajua. Si ameleta chakula kwa mfungwa?" Bibi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Anasema wewe umemkataza kuongea Kijaluo."

"Nilitaka azoee Kiswahili haraka."

"Amezoea nusu. Hiyo nusu ndiyo imetuletea ngege."

Anti Perez alicheka ingawa hakutaka. Kisha akatazama nje, mahali jua lilipokuwa. "Mama, jua linaenda. Sabato inaingia, na bado sijafunika mashine."

"Nenda ufunike. Nyinyi jua likizama mnaanza, sisi tunamaliza. Huyu mwachie hapa. Aliyeleta samaki atangoja pamoja na sisi."

Nikakaa kwenye mkeka. Samaki wangu alikuwa amefunikwa kwa sahani juu ya meza. Nilikuwa sijala tangu saa saba, kwa sababu sahani iliyokuwa yangu ndiyo niliyoileta, lakini hakuna aliyenipa kitu na sikuthubutu kuomba. Mama Salima aliwasha jiko na kuinjika uji. Akatia pilipili manga, akakoroga, na harufu ikatembea chumba kizima, ikapita juu ya kichwa changu, ikarudi. Sikuwahi kujua kwamba saa moja ni ndefu hivyo. Tumbo langu lilikuwa linaongea kwa sauti, na nilimfikiria Salima kivulini siku nne, akiwatazama wengine wetu tukitafuna, na mimi nikimnyooshea pera puani. Kila dakika ya saa ile ilinifanya nimpende zaidi na nijione mjinga zaidi.

Mwishowe sikuweza kujizuia. Nikaunong'oneza ule mgongo kwa Kijaluo, lugha iliyokuwa imefunguliwa siku ileile, "Kech kaya." Njaa inaniuma.

Mgongo haukusogea. Kisha ukatikisika kidogo. Na Salima, ambaye sikuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kijaluo, akajibu ukutani, "An bende." Hata mimi.

Adhana ikaita. Nilikuwa nimeisikia tangu nilipofika mjini, nikidhani ni mtu anayetangaza kitu kilichopotea. Safari hii nilijua inanihusu. Bibi akatoa tende kwenye kopo, na Salima akageuka, akachukua moja, akaichana vipande viwili, akanipa kipande kilichobaki na kokwa.

"Fungua," akasema.

Nikala. Sijui kama nimewahi kula kitu kitamu kama kile tena. "Nimefunguliwa," nikamwambia.

"Si 'nimefunguliwa'. Ni 'nimefungua'."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu." Na pengo lake likaonekana.

Tulikunywa uji ukituunguza ulimi, tukala sambusa, na yule ngege tukamgawana watu wanne. Bibi alinipa nyama ya mgongo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mgeni, akala kichwa mwenyewe akinyonya kila mfupa, na hapo ndipo nilipoamini kabisa kwamba ni Mjaluo. Kutoka ng'ambo ya ukuta tulimsikia Anti Perez ameanza wimbo wa kuikaribisha Sabato, peke yake, sauti yake nyembamba. "Perez ameingia Sabato," Bibi akasema, akapunguza sauti ya redio. Kisha akaokota kipande cha mkaa jikoni akamnyooshea Salima.

Salima akautazama ukuta lakini mkono hakuunyoosha. "Vipi kama funga ya leo si ya kweli?"

Bibi hakubishana naye. Akauweka mkaa kwenye kiganja changu. "Chora wewe. Wewe ndiye shahidi."

Nikasimama juu ya kigoda, nikachora mstari wa nne. Ulitoka umepinda, na mrefu kuliko ile mitatu. Salima aliuchunguza kwa muda, akachukua mkaa, akaweka nukta chini yake.

"Hiyo ni ya samaki," akasema. Na tangu siku hiyo akachora yake mwenyewe, mpaka ukuta ulipofikia Idi.

Anti Perez aliondoa sheria yake ya pili wiki ileile, bila kusema kwamba ameiondoa. Alianza tu kunituma dukani kwa Kijaluo. Mimi na Salima tulimaliza shule pamoja. Kila Ramadhani, Ijumaa ya kwanza, nilipeleka samaki mapema ili niwahi Sabato, na kila mara Bibi alinipokea kwa kutikisa funguo zake mlangoni. Nilipohama mtaa, ndipo Salima alipoanza kutuma ujumbe.

Bibi alitutoka miezi mitatu iliyopita. Salima alinipigia asubuhi, na alasiri ileile Bibi akazikwa, kama ilivyo kwao. Sisi kwetu tunakaa na msiba wiki mbili, tukapika, tukalia, tukagombana na kupatana, lakini siku hiyo nilijikokota kutoka safarini nikakuta kaburi limeshafunikwa. Nilikasirika. Nilimwambia Salima, mbele ya watu, kwamba wangeningojea. Tulikumbatiana baadaye, lakini tangu hapo simu zetu zilikuwa fupi, na mwaka huu ujumbe haukuja.

Nilisimama kwenye ngazi ile, harufu ya uji wa majirani ikinizunguka, na nikajiona tena mbele ya mgongo. Mara ile nilianza mimi. Nikaweka mfuko wa samaki chini, nikaandika:

"Umefungwa na nani?"

Nikangoja. Mtoto wa majirani alichungulia mlangoni, akanitazama, akarudi ndani kumwambia mama yake kuna mtu. Kisha simu ikatetemeka.

"Na Mama. Na Bibi."

Niliusoma mara tatu, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Simu ikatetemeka tena.

"Tunafungua Magharibi. Uko wapi na samaki?"

Nikaokota mfuko wangu, nikashuka ngazi mbilimbili. Jua lilikuwa bado lina saa moja na nusu hivi, na samaki walikuwa wabichi.